San Andreas: Lile dubwana la Mount Chiliad lilikatwa au tulidanganyana?

#1 Kipara wa Tandale
Wakuu, salaam.

Kuna jambo linanikaa kooni tangu 2007. Kulikuwa na kibanda cha gemu mtaani kwetu, mashine nne za gemu za PS2, televisheni za mgongo, nusu saa shilingi 200. Siku moja mvua inanyesha, bati linapiga kelele hadi husikii kitu, kaka mmoja tuliyemwita Dulla akampandisha CJ, yule tunayemchezesha kwenye gemu la GTA San Andreas, kule mlima Mount Chiliad usiku, ukungu umetanda. Akatoa kamera. Akavuta karibu. Wote sita tukaona kitu cheusi, kirefu kuliko mtu, kimesimama kwenye miti. Kikageuka. Kikapotea. Mtoto mmoja alilia, sitamtaja, ana familia sasa.

Juzi shemeji yangu mdogo kaniambia hakuna kitu kama hicho na hakijawahi kuwepo. Nimekataa. Ninachodai mimi ni kwamba lilikuwepo kwenye toleo la mwanzo, wakalikata baadaye, na sidii zetu za mtaani zilikuwa za toleo lile la mwanzo. Mwenye ushahidi aje. Na mwenye kujua vingine vilivyokatwa kwenye San Andreas avimwage hapa.

#2 mtazamajiTu
Nimekaa paleee.

#3 Binti wa Ubungo
Chai. Tena ya rangi, haina hata sukari.

#4 Baharia wa Kilindini
Bi Ubungo usimcheke mwenzio. Sisi Mombasa tulikuwa na mzimu wa mamake CJ. Ukiingia ile nyumba ya Grove Street saa nane za usiku, ukasimama pale kwenye ngazi, ati wamsikia akilia. Kuna ndugu yangu alikataa kulala peke yake wiki nzima kwa sababu ya hiyo nyumba. Mchezo wenyewe ni wa Marekani, mzimu ni wa Marekani, uoga ni wa Majengo!

#5 Fundi Sakiti
Mchezo si wa Marekani, baharia. Hadithi ndiyo ya Marekani. Waliotengeneza ni Rockstar North, wako Edinburgh, Scotland.

Turudi kwa mleta uzi. Mkuu, unachanganya mambo mawili. Kuna kitu kilichotengenezwa kisha kikafungwa, na kuna kitu ambacho hakijawahi kutengenezwa. Dubwana liko kundi la pili. Mafaili ya San Andreas yamefunguliwa na watu wa dunia nzima tangu toleo la kompyuta lilipotoka Juni 2005. Kila mtu anayetembea mle ndani ana umbo lake na jina lake kwenye orodha: polisi, makahaba, wazee wa gofu, wakulima. Dubwana halimo. Hakuna umbo, hakuna sauti, hakuna hata jina lililosahaulika. Kitu kilichokatwa huacha alama. Hiki hakikuacha.

#6 Kipara wa Tandale
Unaongelea toleo la kompyuta. Sisi tulicheza PS2, iliyotoka Oktoba 2004. Miezi minane katikati hapo huwezi kukata kitu?

#7 Fundi Sakiti
Sidii za PS2 nazo zimefunguliwa, mkuu. Hamna.

#8 Mzee wa Padi
Naunga mkono hoja ya #5 lakini naongeza. Huyo dubwana alikuwa gumzo mapema sana, mpaka bosi wa Rockstar wa wakati ule, Terry Donovan, akaulizwa na jarida la Electronic Gaming Monthly. Akasema hakuna. Sasa wewe ulimwona 2007, wao walishakana kabla.

#9 Kipara wa Tandale
Bosi kukana ndiyo ushahidi? Hata Hot Coffee walikana!

#10 Binti wa Ubungo
Hapo kwenye Hot Coffee umenishika. Elezeni kwa wasiojua, ila kwa lugha ya staha, kuna wadogo wanasoma.

#11 Mzee wa Padi
Kwa staha basi. CJ ana wachumba. Ukimtoa mmoja matembezi vizuri, mlangoni anamkaribisha ndani "kahawa". Kwenye gemu tulilocheza, mlango unafungwa, kamera inabaki nje, nyumba inatikisika kidogo, unasikia sauti, basi. Juni 2005 Mholanzi mmoja, Patrick Wildenborg, akatoa modi ndogo ya kompyuta, yaani kipande cha kubadili gemu. Ukiiweka, kamera inaingia ndani, na kumbe mle kuna mchezo mzima unaouchezea padi. Marekani ikawaka moto. Ila hiyo ilikuwa kazi ya huyo Mholanzi, ndiyo maana wenye gemu walisema ni wadukuzi.

#12 Fundi Sakiti
Mzee wa Padi, sentensi yako ya mwisho si sahihi. Mholanzi hakutengeneza chochote mle ndani, alichofanya ni kubadili swichi. Maumbo, mijongeo, kila kitu kilikuwa tayari kwenye sidii. Ushahidi ni PS2: huko huwezi kuweka modi kirahisi, lakini watu wenye vile vifaa vya kuingiza kodi za siri za gemu waliifungua kwenye sidii ya dukani ya 2004. Ndipo wenye gemu walipokosa pa kujificha. Julai 20, 2005 bodi ya Marekani inayopanga umri wa gemu, ESRB, ikaitoa kwenye daraja la miaka 17 ikaipeleka daraja la watu wazima tu, na maduka makubwa yakaishusha kwenye rafu. Australia wakaifutia kibali mwezi huohuo. Hillary Clinton, akiwa seneta, akataka uchunguzi. Uzalishaji wa toleo la kwanza ukasimamishwa, likatoka toleo lisilo na kitu hicho.

Kwa hiyo hilo ndilo jibu halisi la "San Andreas ya mwanzo na ya mwisho". Zipo mbili kweli. Ila tofauti yao ni kahawa. Dubwana halihusiki.

#13 Binti wa Ubungo
Kwa hiyo la Kipara ni chai na hili ni kahawa. Tumeelewana.

#14 mtazamajiTu
😂😂😂 uzi umeanza kunoga

#15 Mtoto wa Eastlands
Swali kutoka Nairobi. Kama waliamua haitakuwepo, mbona hawakuifuta kabisa? Wewe ukiandika barua halafu ukaghairi sentensi, si unaifuta? Mbona uifiche chini ya karatasi?

#16 Fundi Sakiti
Hili swali ndilo lenye nyama. Mimi kazi yangu ni programu, siyo za gemu, za maduka, lakini ugonjwa ni uleule.

Chukulia umejenga nyumba. Imeisha, bati limeshapigwa, mteja anasema kile chumba cha kati sikitaki. Ukuta wa chumba hicho umebeba boriti. Ukibomoa, hujui nini kitashuka. Unachofanya unaziba mlango kwa tofali, unapiga lipu, unapaka rangi. Anayeingia haoni kitu. Chumba bado kipo, na panya wanaishi humo.

Gemu nalo liko hivyo. Ile sehemu ya kahawa imefungwa pamoja na mfumo wa wachumba, mfumo wa mijongeo, mfumo wa kuhesabu alama. Ukiing'oa wiki chache kabla ya sidii kwenda kuchapwa, kesho yake CJ anaingia saluni gemu linaganda. Na 2004 hakukuwa na kurekebisha baadaye kwa intaneti kwenye PS2. Sidii ikichapwa, imechapwa. Kwa hiyo wanaweka swichi, wanaandika sifuri, wanakwenda kulala.

#17 Mzee wa Padi
Hayo ni maelezo mazuri lakini ni ya kumtetea fundi mwenzio. Yapo maelezo mengine: waliiacha makusudi wakijua itagunduliwa na gemu litauzwa. Matangazo ya bure. San Andreas iliuza zaidi ya nakala milioni 17 kwa PS2 peke yake.

#18 Fundi Sakiti
Sehemu kubwa ya hizo iliuzwa hata kabla ya kahawa. Na kashfa iliwaletea kesi na kurudishiwa mzigo. Tangazo gani hilo la kukutia hasara?

#19 Mzee wa Padi
Wafanyabiashara wangapi wamepiga hesabu mbaya?

#20 Baharia wa Kilindini
Mie nina la tatu: mtu mmoja mle ofisini aliifanya kazi ile miezi mingi, akaambiwa haitoki, roho ikamuuma, akaiacha pale pale. Seremala akikatwa malipo si huondoka na misumari? Huyu aliacha misumari.

#21 Dada Mkubwa
Naingia kuchelewa, poleni. Mnazungumzia San Andreas tu, kumbe mkasa wa kweli wa mambo kukatwa ni GTA III, gemu la mfululizo huohuo lililotangulia. Ile ilikuwa itoke mwanzoni mwa Oktoba 2001. Ikaja Septemba 11. Ofisi kuu ya Rockstar iko New York, na Liberty City, mji wa gemu hilo, ni New York iliyobadilishwa jina. Wakaahirisha wiki kama tatu.

Mtaani tulisikia kwamba nusu ya gemu ilitupwa. Wenyewe walisema ni sehemu ndogo sana, kama asilimia moja. Gari za polisi zilikuwa za buluu na nyeupe kama za New York, zikawa nyeusi na nyeupe kama za Los Angeles. Njia ya ndege inayopita juu ya mji ikabadilishwa. Baadhi ya maneno ya wapita njia na ya redioni yakatolewa. Na picha ya kasha la Marekani wakaibadilisha, ndipo ikazaliwa ile ya vipande vipande tunayoijua kwenye kila GTA. Ulaya wakabaki na picha ya zamani. Kwa hiyo ile sura maarufu ya kasha la GTA ni mtoto wa haraka ya wiki tatu.

#22 Mtoto wa Eastlands
Dodo! Ile ndege iliyokatwa mabawa! Ilikuwa inaruka vizuri, wakaikata baada ya Septemba 11 ndiyo usiipeleke kwenye majengo. Kila mtu Eastlands anajua hii.

#23 Dada Mkubwa
Kila mtu anajua, lakini wiki tatu hazitoshi kupunguza mabawa, kubadili jinsi inavyoruka, kujaribu upya, na kuchapa sidii. Na Dodo inaruka, mdogo wangu, ukiijulia. Unaelekeza pua chini kidogo kidogo, unasubiri, haipandi kwa nguvu. Nilijifunza likizo nzima nikiwa kidato cha pili. Nikafika nyuma ya milima, kuna kipande cha mji kimejengwa peke yake, nyumba hazina mgongo, ukigusa ukuta unapita. Nilidhani nimeharibu gemu. Kumbe ni ile seti ya wizi wa benki wa mwanzo kabisa wa hadithi, waliijenga pembeni kama jukwaa la maigizo wakaiacha hapo.

Sasa mleta uzi, hicho ndicho kitu cha kukuonea wivu. Siyo dubwana.

#24 Mzee wa Padi
Na Darkel? Yule mzee mwenye matambara, mwanamapinduzi, alikuwa awape wachezaji kazi za kuharibu mji. Alionekana kwenye habari za kabla gemu halijatoka, gemu likaja bila yeye. Septemba 11 hiyo.

#25 Dada Mkubwa
Hapana. Rockstar walikuja kuulizwa miaka kumi baadaye, wakajibu kwamba Darkel alikatwa miezi kadhaa kabla ya Septemba 11. Watu wanabandika kila kitu kwenye tarehe moja kwa sababu ni rahisi kukumbuka.

#26 Mzee wa Padi
Wakijibu wao ni kweli, wakijibu kuhusu kahawa ni uongo. Haya.

#27 Kipara wa Tandale
ASANTE MZEE WA PADI. Hilo ndilo nasema tangu juu.

#28 Fundi Sakiti
Tatizo ni kwamba kahawa ilipatikana kwenye sidii, mkuu. Dubwana limetafutwa miaka ishirini. Hatuamini maneno ya wenye gemu, tunaamini sidii.

#29 Chuma cha Zamani
Mimi nina kisa kinachowahusu nyote. Nimecheza San Andreas ya kompyuta kuanzia 2008 mpaka 2016, kwenye kompyuta ya kaka yangu pale Morogoro. Nimeimaliza mara tatu. Mwaka 2016 nikaenda kwa rafiki chuoni, nikamkuta kapanda gari, MUZIKI UNAPIGA. Nikamuuliza, umeunganisha redio wapi? Akanitazama kama nimetoka porini.

Wakuu, miaka minane sikujua kwamba gari za San Andreas zina redio. Tuliyokuwa nayo ilinunuliwa intaneti kafe, imekandamizwa ikaingia kwenye sidii moja. Waliokandamiza walitupa redio yote. Nilikuwa naendesha kutoka Los Santos mpaka Las Venturas kimya, nasikia injini na upepo, na nikawa najisemea hawa watu wanajua kutengeneza jangwa, ukimya wake una huzuni fulani hivi.

#30 Binti wa Ubungo
"ukimya wake una huzuni fulani hivi" 😭😭 nakufa mimi

#31 Dada Mkubwa
Kaka yangu pole. Lakini umegusa jambo. Tunatafuta kilichokatwa Edinburgh, kumbe mkasi mkubwa ulikuwa kwa muuza sidii.

#32 Baharia wa Kilindini
Sie tulikuwa na GTA Vice City yenye maneno ya Kirusi chini ya skrini. Mpaka leo nikisikia Kirusi naona minazi na mashati ya maua.

#33 Mtoto wa Eastlands
Na walioongeza je? Kuna sidii za PS2 zilizouzwa mtaani zenye gari ambazo haziko kwenye gemu. Mimi nimeendesha matatu ndani ya Los Santos kwa macho yangu. Kipara, jiulize hiyo sidii ya kibandani ilikuwa ya dukani kweli?

#34 Kipara wa Tandale
Ya dukani wapi. Ilikuwa nyeupe, imeandikwa "SANDREAS" kwa maka peni, herufi mbili zimesahaulika.

#35 Mtoto wa Eastlands
Ndiyo hiyo! Mtu aliweka modi ya dubwana, akachoma, akauza. Modi za dubwana zilikuwa tele kwenye kompyuta. Kwa hiyo mliliona kweli, na hawakulikata, kwa sababu hawakuliweka wao.

#36 Fundi Sakiti
Inawezekana, ingawa kuingiza mtu mpya kwenye PS2 ya 2007 na kumfanya asimame kwenye miti akimbie ukimwangalia ni kazi kuliko kubadili rangi ya gari. Mimi nadhani ni ukungu tu. PS2 ina kumbukumbu ya megabaiti 32. Haiwezi kubeba msitu wote kwa wakati mmoja. Miti ya mbali inachorwa kwa umbo jepesi, ukikaribia inabadilishwa na umbo kamili. Ukivuta kamera katikati ya mabadiliko hayo, usiku, na ukungu, kijiti kinasimama kama mtu, halafu "kinageuka", halafu hakipo. Televisheni ya mgongo ikiongeza chenga zake, umepata dubwana.

#37 Baharia wa Kilindini
Na yale magari ya mashetani? Kule msitu wa Back o' Beyond, gari bovu latelemka mlima halina dereva. Hilo nimeliona mimi, si kwa kusimuliwa. Glendale, imebondeka mbele, yaja yenyewe.

#38 Fundi Sakiti
Hilo ni kweli tupu na halina shetani. Gemu linaweka magari mabovu sehemu fulani fulani za msitu. Moja waliliweka kwenye mteremko, halina breki ya mkono. Ukikaribia, linatokea, na mteremko unafanya kazi yake.

#39 Baharia wa Kilindini
Waona, huyu fundi atatumalizia utoto wetu wote leo.

#40 Dada Mkubwa
Kuna jingine la aina hiyo. Mnakumbuka ndege zinazoanguka ovyo? Uko zako jangwani, kindege kinakuja kinajipiga kwenye nguzo, moto. Obbe Vermeij, aliyekuwa mkurugenzi wa ufundi Rockstar North mpaka 2009, alikuja kueleza mwenyewe. Aliandika kipande cha kuleta ndege karibu na mchezaji ili mji uonekane hai. Kabla ya kuileta, gemu linakagua kama njia iko wazi, lakini ukaguzi ni wa juu juu ili kuokoa nguvu ya mashine. Vitu vyembamba vinapita bila kuonekana. Ndege inatokea, nguzo iko mbele yake, kwisha.

Huyohuyo ndiye aliyesimulia habari ya mwezi. Ukiupiga mwezi risasi ya snaipa unabadilika ukubwa, mnakumbuka? Wachoraji walimjia, wengine wanataka mwezi mkubwa, wengine mdogo. Akawawekea hiyo ya kupiga risasi ili wachague wenyewe. Hawakurudi kumpa jibu. Akauacha hivyo, ukaenda na gemu.

#41 Chuma cha Zamani
Kwa hiyo kuna kilichotakiwa kutoka kikabaki, na kilichotakiwa kubaki kikatoka. Mimi redio yangu ilitoka.

#42 Mzee wa Padi
Redio yako ingetoka tu. Hata walionunua halali waliondolewa nyimbo kadhaa mwaka 2014, leseni za muziki zilipoisha muda. Watu walilipa hela zao, wakaamka asubuhi nyimbo hazipo. Wewe ulitangulia tu.

#43 Dada Mkubwa
Huyohuyo Vermeij alisema mpango wa kwanza wa San Andreas ulikuwa ramani tatu tofauti, kila mji peke yake, unasafiri kwa treni au ndege kati yao. Baadaye ndipo wakaamua kuiunganisha. Fikiria San Andreas isiyo na Chiliad, isiyo na zile barabara za vumbi.

#44 Binti wa Ubungo
Isiyo na dubwana la Kipara.

#45 mtazamajiTu
Leo naongea. Kibanda chetu Temeke tulikuwa na kodi ya kuruka ndani ya jimu ya Ganton. Unaweka kodi ya ile mashine ya mgongoni, L1 L2 R1 R2, juu chini kushoto kulia, unarudia tena yote, unatoboa kwa kona ya dari. Nje kuna anga tupu, na nyumba zinaelea. Ndani ya San Andreas vyumba vyote vimewekwa angani! Nikatafuta nikakuta kipande cha Liberty City, theluji, mgahawa, hakuna mtu hata mmoja. Nilikaa pale mpaka muda wangu ukaisha. Mwenye kibanda alikuwa na daftari la kodi, kulitazama shilingi 50. Yaani alitoza kodi kwenye kodi.

#46 Fundi Sakiti
Hicho kipande ni cha ile misheni ya kwenda kuua mtu kwenye mgahawa wa Liberty City. Hakikukatwa, kinatumika mara moja tu kwenye hadithi. Lakini nakiri na mimi nilikaa.

#47 Kipara wa Tandale
Wakuu, nina taarifa mpya. Nimempata Dulla kwa simu, yuko Mbeya, anauza mbolea. Nikamuuliza bila kumwongoza: unakumbuka tulichoona kibandani siku ya mvua? Akasema anakumbuka sana. Akasema ni lile jitu lenye kichwa cha nguruwe na msumeno.

Nikamwambia hapana, lilikuwa refu, jeusi, Chiliad. Akasema yeye ndiye aliyeshika padi.

#48 Dada Mkubwa
Huyo ni Piggsy! Anatoka Manhunt, gemu la 2003, la watengenezaji haohao wa Edinburgh. Mwenye kibanda alikuwa nayo?

#49 Kipara wa Tandale
Alikuwa nayo, ila tulikatazwa. Aliicheza yeye baada ya saa mbili usiku.

#50 Mzee wa Padi
Basi mmechanganya gemu mbili.

#51 Kipara wa Tandale
Sita tuchanganye sawasawa? Na yule aliyelia nimempata pia. Yeye anasema haikuwa usiku wala mvua, na kwamba hakulia.

#52 Binti wa Ubungo
Alilia.

#53 Mtoto wa Eastlands
Mimi nabaki na modi. Na kumbukeni kwenye GTA V, 2013, waliweka misheni ya kuwinda dubwana hilohilo, ukimkamata ni mtu kavaa manyoya. Walikuwa wanatucheka sisi.

#54 Baharia wa Kilindini
Au wanakiri. Mtu hawezi kufanyia mzaha kitu asichokuwa nacho moyoni.

#55 Fundi Sakiti
Juu ya nguzo ya daraja la San Fierro kuna kibao kimeandikwa hakuna siri huku juu, nenda zako. Mzaha wao ni wa namna hiyo tangu zamani. Nilipanda kwa helikopta dakika kumi kukisoma.

#56 Kipara wa Tandale
Jambo la mwisho kwa leo. Mwenye kibanda alifariki, Mungu amrehemu, lakini mjane wake anasema boksi la sidii lipo chini ya kitanda. Nimekwenda. SANDREAS ipo, maka peni ileile, ina mikwaruzo lakini haijapasuka. PS2 yake moja nayo ipo, inawaka, ila inazungusha sidii inalia kr-kr-kr, haisomi.

Kuna mwenye lenzi nzima? Niko Tandale, nauli nalipa.

#57 Binti wa Ubungo
Uzi wa dubwana umekuwa tangazo la spea.

#58 Fundi Sakiti
Ni ile nyembamba au ile nene? Lenzi zake haziingiliani.

#59 Kipara wa Tandale
Nene.

#60 Fundi Sakiti
Usiifungue. Nakuja Jumamosi.